Mama wa Maziwa Anaitwa Nani?

Ruthu Mmoabi alitoka asubuhi ile kutafuta chakula tu, mgeni katika nchi ya watu, akajikuta katika shamba la Boazi. Soma Ruthu sura ya 2. Boazi alipomwona, kwanza aliuliza habari zake.

Sura hiyo hunikumbusha Tindiga, kule Kilosa, ambako mkulima na mfugaji hukutana kwa shida ndogo ndogo za kila siku. Huyu anataka maziwa, yule anataka mchele. Wanapanga foleni moja mashineni, wanapakizana bodaboda moja. Bei wanazijua. Majina, mara nyingi hapana. Halafu ng'ombe wanaingia shambani, na mama wa maziwa anageuka kuwa mmoja wa "wale". Wilaya hii inajua neno hilo linavyogharimu: Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa.

Kupima mipaka ya ardhi ni kazi ya Serikali, na iifanye. Mahubiri hayapimi mashamba. Lakini Boazi hakuishia kumwachia mgeni masuke, jambo ambalo sheria ya Walawi 19 ilikwisha kumdai. Saa ya chakula alimwita akae na wavunaji, akampa nafaka iliyokaangwa, naye akala akabakiza.

Mama wa Kimaasai anayekuletea maziwa humpokelea mlangoni, unalipa, anaondoka. Kesho atapita tena, na chai itakuwa bado iko jikoni.