Maji Meupe si Lazima Yawe Salama

Kiangazi kikikaza hapa Bariadi watu hufukua mchanga mtoni, wakachota maji. Maji hayo huwa meupe. Mtu husema, "Mchanga umeshayachuja." Kweli, tope limebaki. Lakini vijidudu vya kuhara vinaweza kupita. Tena baadhi ya visima vya mkoa wetu wa Simiyu vina madini ya floraidi, yatokayo miambani. Mtoto akiyanywa kwa wingi, meno yake hugeuka rangi ya kahawia. Miaka ikizidi, hata mifupa huharibika.

Vijidudu hufa maji yakichemka. Floraidi haifi, maana haina uhai. Ukichemsha sana maji yanapungua, floraidi inabaki ile ile.

Je, itaondokaje? Dkt. Askwar Hilonga, Mtanzania wa Chuo cha Nelson Mandela kule Arusha, alitengeneza chujio la kazi hiyo. Maji hupita kwanza kwenye mchanga, kisha kwenye chembe ndogo mno ziitwazo chembe za nano. Mwaka 2015 alipewa tuzo na taasisi ya Uingereza, pauni 25,000.

Udogo wake ukoje? Tazama milimita moja kwenye rula. Ikate vipande milioni moja. Kipande kimoja ndiyo nanometa, na chembe hizi hupimwa kwa nanometa. Na udogo una faida gani? Tia mhogo mkavu majini, halafu tia unga wa mhogo. Unga unalowa mara moja, kwa sababu maji yanaugusa kila upande. Vivyo hivyo, chembe zikiwa ndogo, uchafu unapata mahali pengi pa kunasa.

Nchi nyingine huchanganya chembe kama hizi na plastiki, wakapata utando mwembamba wa kusafishia maji taka ya viwandani. Huo unataka pampu. Si kitu cha jikoni.

Sasa angalieni. Chujio la Hilonga hutengenezwa kufuatana na maji ya mahali. Maji ya Karatu siyo ya Bariadi, kwa hiyo kwanza maji yapimwe. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Waulizeni RUWASA wilayani kama kisima chenu kimepimwa.

Halafu chembe hujaa. Zikijaa hazinasi tena, na maji yanatoka meupe vile vile. Jicho haliwezi kujua. Basi anayekuuzia chujio lolote, muulize: linaondoa nini, na chembe zibadilishwe lini?