Pikipiki inapiga "pa! pa!" ukipunguza mafuta? Anza na shingo ya ekzosi

Leo tunatoka maabara na kwenda kijiweni.

Asubuhi, bodaboda zinapoanza kutoka mjini Bariadi, hebu sikiliza kwa makini. Nyingine inanguruma taratibu, huna shaka nayo. Nyingine ikiwashwa tu inatoa "tsss, tsss" karibu na injini. Nyingine iko sawa barabarani, lakini dereva akikaribia tuta na kupunguza mafuta, inapiga "pa! pa! pa!" mpaka kuku wanatawanyika.

Hapo kijiwe kizima kinakuwa fundi. Huyu anasema mafuta yana maji, yule anasema plagi, mwingine anataka kabureta ishushwe. Plagi inanunuliwa, kabureta inasafishwa, na mlio bado upo. Kumbe mara nyingi tatizo lipo kwenye kipete kidogo cha chuma ambacho hakuna aliyekiangalia: gasketi ya shingo ya ekzosi. Tuone fizikia yake, maana ukiielewa utajua pa kuanzia kabla hujatoa hela.

Moshi hautiririki, unatoka kwa vishindo

Pikipiki karibu zote za bodaboda siku hizi, Boxer, TVS na wenzake, zina injini ya mipigo minne, ile ambayo mafundi huiita fostroku. Kanuni yake ndiyo ileile ya injini aliyoijenga Nikolaus Otto kule Ujerumani mwaka 1876: pistoni inavuta mchanganyiko wa hewa na petroli, inaubana, unawaka na kuisukuma chini, kisha inapanda tena kutoa moshi. Kwa hiyo moshi unatoka mara moja tu katika kila mizunguko miwili ya injini.

Piga hesabu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, moshi unatoka mara 3,000, yaani vishindo 50 kila sekunde. Kila kishindo kinasafiri ndani ya bomba kama wimbi la mgandamizo. Likifika pale bomba jembamba linapofungukia kwenye sailensa pana, sehemu ya wimbi hilo inageuka na kurudi kuelekea kwenye injini. Ila hairudi kama msukumo, inarudi kama mnyonyo.

Ndani ya gesi ya moto kiasi hicho sauti inakimbia karibu mita 500 kwa sekunde. Kama kutoka shingoni hadi kwenye sailensa ni kama mita moja, wimbi linakwenda na kurudi kwa elfu nne za sekunde. Mzunguko mmoja wa injini kwa mwendo ule unachukua elfu kumi za sekunde. Maana yake mnyonyo unaweza kufika kwenye valvu kabla mzunguko haujaisha, na kusaidia kufyonza mabaki ya moshi kutoka kwenye silinda. Wabunifu wa pikipiki wanalijua hilo, ndiyo maana urefu na upana wa bomba haviwekwi kwa kubahatisha.

Kwa hiyo ekzosi si mfereji wa kumwaga moshi tu. Ndani yake mgandamizo unapanda na kushuka makumi ya mara kila sekunde, na ukishuka, bomba linavuta.

Tundu linalotoa moshi, linaingiza hewa pia

Sasa turudi kwenye "pa! pa!" yetu. Tuseme gasketi imechoka na pana upenyo mdogo shingoni. Mgandamizo ukipanda, moshi unatoka pale: hiyo ndiyo "tsss" unayoisikia. Mgandamizo ukishuka, hewa ya nje inaingia palepale.

Unapopunguza mafuta huku pikipiki bado inakimbia, gurudumu ndilo linaloizungusha injini. Mchanganyiko ulioko kwenye silinda hauwaki vizuri, hivyo petroli kidogo inatoka kwenye ekzosi bila kuungua. Ndani ya bomba inakutana na chuma cha moto na hewa mpya iliyopenya shingoni. Petroli, hewa, joto: vyote vimekamilika. Inalipuka humo humo ndani ya bomba, nje kabisa ya injini. Ndiyo maana kubadilisha plagi hakukusaidia kitu.

Ni kweli, kabureta inayotoa petroli kidogo mno nayo inaleta mlio huo. Lakini kuangalia shingo ni bure, kushusha kabureta ni pesa. Anza na cha bure.

Namna ya kupima bila kifaa

Fanya asubuhi, pikipiki ikiwa imepoa kabisa, tena nje ya nyumba.

1. Angalia pale bomba linapoingia kwenye silinda. Masizi meusi yaliyotapakaa kuzunguka kiungio ni dalili ya wazi kwamba moshi unapenya.
2. Paka maji ya sabuni kwenye kiungio, kisha washa injini. Mapovu yakichemka kwa vishindo, umelipata tundu. Usichelewe, maana baada ya dakika moja tu bomba linachoma.
3. Chukua kitambaa kinene, ziba mdomo wa nyuma wa ekzosi kwa sekunde mbili huku injini ikinguruma taratibu. Ekzosi nzima itasukuma mkono wako na injini itataka kuzima. Yenye tundu itapiga "tsss" mahali penye tundu, na mkononi hutasikia nguvu.

Ukikuta ni gasketi, weka mpya. Kipete hiki kimetengenezwa kibonyee mara moja na kuziba nafasi iliyopo. Kikishabonyea, ukikifungua na kukirudisha hakizibi tena vizuri. Mafundi wengi hukirudisha kwa nia njema ya kukuokolea hela, halafu baada ya wiki mnaonana tena.

Namna ya kufunga nayo ina maana. Shika nati mbili za shingoni kwa vidole tu, weka boliti ya nyuma bila kuikaza, hakikisha bomba limekaa bila kulazimishwa. Ndipo ukaze shingoni kidogo kidogo, huku na huku kwa zamu, na boliti ya nyuma iwe ya mwisho. Ukianza na ya nyuma, bomba linakaa kwa kujikunja, na mitetemo ya barabara ya vumbi italipasua kwenye maungio.

Lita ya petroli, lita ya maji

Wengi hawaamini nikiwaambia hivi: lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji. Petroli ina hidrojeni nyingi, na hidrojeni ikiungana na oksijeni ya hewani inakuwa maji. Yanatoka kama mvuke, ndiyo maana asubuhi unaona moshi mweupe na matone kwenye mdomo wa ekzosi. Huo si ugonjwa, usimkimbilie fundi.

Tatizo ni pale maji yasipotoka. Ukisafiri kutoka Bariadi hadi Lamadi, sailensa inapata moto wa kutosha na kukauka. Lakini bodaboda ya mjini inakwenda safari fupi fupi: sokoni, stendi, hospitali, kisha inapumzika. Mvuke unagandia ndani kama matone, unachanganyika na gesi za moshi na kuwa asidi hafifu. Kutu inaanza ndani, usipoiona.

Watengenezaji wengi wanatoboa kijitundu upande wa chini wa sailensa ili maji hayo yadondoke. Na hapa ndipo penye mkasa: mwenye pikipiki anaona tone, anadhani ekzosi imetoboka, anampelekea fundi wa kuchomelea na kijitundu kinazibwa. Baada ya hapo maji yanakaa ndani mpaka chuma kinaoza kweli. Kabla hujachomelea, chunguza: tundu la mviringo safi, chini kabisa, limewekwa makusudi. Tundu la kutu lina kingo zilizochongoka na chuma chembamba kando yake.

Nje nako kuna adui. Wasukuma wanatofautisha udongo vizuri sana: luseni ni ule wa kichanga, mbuga ni mfinyanzi mweusi. Wakati wa mvua tope la mbuga linashika chini ya bomba, linakauka kama tofali na kutunza unyevu juu ya chuma kwa siku nyingi. Lioshe, ila subiri ekzosi ipoe. Maji baridi kwenye chuma cha moto yanakifanya kisinyae upande mmoja, na nyufa zinaanzia kwenye maungio.

Je, kutoboa sailensa kunaongeza nguvu?

Vijana wengi wanaamini hivyo. Wanakata vyumba vya ndani ili "ipumue". Mlio unaongezeka, na sikio linadanganya akili kwamba nguvu nazo zimeongezeka.

Lakini kumbuka lile wimbi. Ukibadilisha ekzosi bila kurekebisha kabureta, umevuruga mpangilio wa mawimbi na uwiano wa hewa na petroli. Mara nyingi nguvu inayopotea ni ya mwendo mdogo, ile unayoihitaji ukiwa na abiria wawili au roba za pamba kwenye barabara mbovu. Dereva anafidia kwa kuvuta mafuta zaidi, na jioni hesabu ya bosi haitimii.

Masikio nayo yanalipa. Wataalamu wa afya kazini wanatumia kipimo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda salama unapungua nusu. Ukifika desibeli 100 umebaki na dakika 15. Dereva anakaa juu ya mlio huo kutwa, na usikivu ukishapotea haurudi.

Ushauri wa wazee nao uwekwe mahali pake. Pikipiki za mipigo miwili, kama Yamaha AG100, zilichoma oili pamoja na petroli, hivyo ekzosi ziliziba kwa masizi na kuhitaji kusafishwa mara kwa mara. Fostroku yenye afya haizibi hivyo. Ikitoa moshi wa bluu, oili inapita kwenye ringi au kwenye sili za valvu. Ikitoa moshi mweusi, petroli imezidi, anza na chujio la hewa. Kukata sailensa hakutibu hata kimoja kati ya hivyo.

Usichokiona ndicho kinachoua

Moshi wa petroli una monoksaidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wengi hulaza pikipiki ndani kwa hofu ya wezi, na alfajiri wanaiwasha humo humo ipate moto wakati watoto bado wamelala. Tafadhali, isukume nje kwanza, ndipo uiwashe.

Na bomba lenyewe linachoma. Kikinga joto kikidondoka, kirudishe, ni cha kulinda mguu wa abiria. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Likivimba malengelenge makubwa, au kama ni mtoto, mpeleke kituo cha afya.

Kwa hiyo kesho ukisikia "pa! pa!", fuata mpangilio huu: shingo, gasketi, boliti ya nyuma, kijitundu cha chini, chujio la hewa. Kabureta iwe ya mwisho. Na ukiwa mwanafunzi wa fizikia, usingoje iharibike: nenda kijiweni na maji ya sabuni, omba ruhusa, uyaone mapovu yakihesabu vishindo vya injini mbele ya macho yako.