Ruzuku, Fidia na Kifuta Jasho: Nafasi ya Mkulima wa Bondeni katika Misaada ya Maafa, Dar es Salaam

Ruzuku, fidia na kifuta jasho ni istilahi ambazo mara nyingi hutumiwa kana kwamba zina maana moja. Ruzuku hupunguza bei ya pembejeo kabla ya msimu, kama ile ya mbolea iliyoanza mwaka 2022 kwa wakulima waliosajiliwa. Fidia ni haki inayodaiwa. Kifuta jasho ni mkono wa pole usiolazimika kulingana na hasara: kanuni za mwaka 2011 kuhusu uharibifu wa wanyamapori ziliweka kiwango cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, tena kwa ekari zisizozidi tano. Kanuni hizo hazihusu mafuriko. Mkulima aliyesombewa mazao na maji hutegemea msaada unaoamuliwa baada ya tukio.

Swali la msingi, hivyo basi, ni nani anayehesabiwa kuwa mwathirika. Baada ya ukame wa mwaka 2009, Serikali iliwapatia mifugo wafugaji wa Longido, Monduli na Ngorongoro waliopoteza mifugo yao yote. Hasara ya mfugaji iliweza kuthibitishwa, kwani majirani na uongozi wa kijiji humjua mwenye zizi.

Hali ni tofauti Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na kaya zilizokuwa zikiishi Bonde la Msimbazi zikapewa viwanja Mabwepande, Kinondoni. Kipimo cha msaada huo kilikuwa makazi. Mlima mchicha na matembele aliyekodi matuta bondeni huku akipanga chumba mahali pengine hakuwa na nyumba ya kuonesha. Alichopoteza ni mbegu, samadi, nguvu kazi na mapato ya wiki kadhaa.

Aidha, sheria humweka mkulima huyo pembeni. Kanuni za kilimo mijini za mwaka 1992 ziliruhusu kilimo katika eneo lisilozidi ekari tatu kwa mtu mmoja, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bustani nyingi za kandokando ya mito, ikiwamo Kizinga na Mzinga wilayani Temeke, zipo hapo hapo kwa sababu ya maji na rutuba. Kinachomvutia mkulima ndicho kinachomnyima hoja ya kudai.

Kukosa hati, hata hivyo, hakufuti hasara. Umiliki wa ardhi na umiliki wa mazao ni mambo mawili, na msaada wa kurejesha uzalishaji unaweza kufuata la pili. Kinachohitajika ni daftari la wakulima wa bustani katika ofisi ya serikali ya mtaa, linalohakikiwa na afisa ugani wa kata kabla ya masika, likionesha zao, ukubwa wa eneo na anayelima. Daftari hilo halitahalalisha kilimo ndani ya mita 60, ila litathibitisha kwamba aliyepoteza alikuwapo. Bila hilo, mkulima huanza upya kwa mkopo, na msaada huishia kwa wenye nyumba pekee.