Ng'ombe, Nyasi na Meza ya Kijapani

Nyumba ya zamani ya Wachagga, ile ya msonge, ilikuwa paa tupu. Nyasi na majani makavu ya migomba yalianzia kileleni yakashuka hadi chini. Ndani, upande mmoja walilala watu, upande wa pili ng'ombe na mbuzi, na kwenye mafiga moto ulifukiwa majivu ili makaa yafike asubuhi. Swali linalorudi kila Julai, baridi inapobana Machame, Marangu na Rombo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni kwa nini nyumba hiyo ilikuwa na joto kuliko ya tofali na bati iliyochukua nafasi yake.

Baridi yenyewe haina fumbo. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na kati ya Juni na Agosti mawingu huficha jua.

Joto la msonge lilitunzwa na hewa iliyonaswa kati ya nyasi. Hewa ikitulia hupitisha joto kwa shida sana: maji huishinda zaidi ya mara 20, chuma zaidi ya mara 1,000. Ila hewa haipendi kutulia. Ikipata moto hupaa, ya baridi hushika nafasi yake, na joto huondoka limebebwa. Nyasi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka huikatakata katika vijumba vidogo mno, ikakosa pa kuzungukia. Vitabu vya fizikia huita kitu cha namna hii kihami. Neno limezoeleka, lakini lina kasoro: kuhami ni kumkinga mtu na adui anayekuja, na hapa hakuna baridi inayokuja, kuna joto linalotoka. Kichelewesho lingefaa zaidi, maana kazi yake yote ni kuchelewesha.

Mfano wa karibu ni mfongo, mfereji unaoteremsha maji ya mlimani hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba. Joto nalo hufuata mteremko, kutoka penye joto kwenda penye baridi. Bati ni mfongo uliofagiliwa: ukifunguliwa tu, maji yako bondeni. Paa la nyasi ni mfongo uliojaa vigogo vya migomba na takataka. Maji hupenya, lakini kwa kujipenyeza. Sasa iwepo chemchemi ndogo nyuma ya vigogo hivyo. Maji yatapanda, na kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyovuja kwa nguvu, mpaka yanayovuja yalingane na yanayoingia. Hapo kina hutulia. Kina hicho ndicho joto la nyumba, na chemchemi ni ng'ombe. Mtu aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu moja ya zamani. Ng'ombe mzima hutoa la watu kadhaa, usiku kucha, bila kuni, huku tumbo lake likichachusha majani aliyokatiwa jioni. Harufu ilivumiliwa.

Wajapani waliliendea jambo hilo kwa njia nyingine. Nyumba zao za mbao na karatasi zilivuja joto kila upande, nao wakaacha chumba kipoe, wakapasha miguu. Kotatsu ni meza fupi iliyofunikwa mfarishi mzito unaofika sakafuni, na ubao wa kulia chakula juu yake. Zamani chini yake palikuwa na makaa shimoni. Tangu miaka ya 1950 hita ya umeme hufungwa uvunguni mwa meza. Familia huketi kuizunguka, mfarishi magotini, chenza mkononi, na hakuna anayetaka kunyanyuka kwenda kuchemsha chai. Kwa lugha ya mfongo, ni kujaza ndoo badala ya bwawa.

Jiko la mkaa lisitumiwe hivyo, wala lisilale chumbani: kaboni monoksidi haina harufu, nayo huua. Moshi wa msonge ulikausha kuni na mahindi darini na kufukuza wadudu wa paa. Macho na mapafu ni habari nyingine.

Juu mlimani, huko ambako maji huganda usiku, kazi ya paa la nyasi hufanywa na mti uitwao Dendrosenecio kilimanjari. Majani yake yakifa hayaanguki. Hubaki yamelizunguka shina, tabaka juu ya tabaka, na maji yaliyo ndani ya shina hufika asubuhi bila kuganda.