Mzunguko wenye sharti: Kwa nini namba ya siri hujaribiwa mara tatu tu

Ukikosea PIN ya laini ya simu mara tatu mfululizo, laini hujifunga na kudai namba ya PUK. Nani anayehesabu? Ni programu, na njia rahisi ya kuielekeza ihesabu hivyo huitwa mzunguko wenye sharti. Hapa tunaeleza jinsi unavyofanya kazi.

Kama konda wa Segerea

Tuanzie kituo cha daladala cha Tabata Segerea. Maadamu gari halijajaa, konda anaita abiria. Akiingia mmoja, anatazama viti: bado? Anaita tena. Gari likijaa, anagonga bodi na safari inaanza. Hakuna aliyempangia aite mara ngapi. Ana sharti tu.

Tuandike kwa Python

Python ni lugha ya skripti iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Kwa kazi hii hutumia neno *while*, lisome "maadamu".

```
siri = "4071"
majaribio = 0
while majaribio < 3:
    namba = input("Weka namba ya siri: ")
    if namba == siri:
        print("Karibu")
        break
    majaribio = majaribio + 1
```

Kompyuta huuliza kwanza: je, majaribio hayajafika 3? Kama ndivyo, hutekeleza mistari iliyosogezwa ndani, kisha hurudi juu na kuuliza tena. Namba ikiwa sahihi, *break* huukatisha mzunguko papo hapo.

Mstari mmoja unaolinda fedha

Tazama mstari wa mwisho. Ukisahauliwa, majaribio yatabaki 0 na sharti litakuwa kweli daima. Aliyeokota simu yako ataendelea kubahatisha.

Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Anayebahatisha mara tatu ana nafasi 3 tu kati ya hizo. Asiyewekewa kikomo ataipata. Ni suala la muda. Hata hivyo, kikomo hakimsaidii aliyechagua 1234 au mwaka wake wa kuzaliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuendesha mzunguko wowote, jiulize: ni kitu gani kinabadilika humo ndani hadi sharti lifike mwisho? Kama hakuna, programu haitasimama yenyewe. Ikitokea hivyo kwenye dirisha la amri, bonyeza Ctrl na C kwa pamoja, kisha urudi kuusahihisha mstari.