SHAHADA YA BURE INA BEI GANI?

Ukiambiwa chukua ng'ombe huyu bure, utauliza nini? Bila shaka utauliza: kwa nini ni bure? Leo tuulize hivyo juu ya shahada. Shahada ni cheti cha kumaliza masomo ya chuo kikuu.

Nchini Marekani, katika jimbo la New York, kando ya mto Hudson, kuna chuo cha jeshi kiitwacho West Point. Kilianzishwa mwaka 1802. Kijana husoma pale miaka minne. Akimaliza hupata vitu viwili: shahada, na cheo cha luteni-usu jeshini. Anaweza kuchagua kusomea hesabu. Hesabu ni somo la zamani sana chuoni hapo. Sylvanus Thayer alikuwa mkuu wa chuo kuanzia 1817 hadi 1833. Wakati wake wanafunzi walisimama ubaoni kila siku, chaki mkononi, wakaeleza majibu yao mbele ya mwalimu.

Mwanafunzi halipi karo. Chakula, malazi na matibabu ni juu ya serikali. Tena hulipwa mshahara mdogo. Sheria inasema mshahara huo ni asilimia 35 ya mshahara wa luteni-usu anayeanza kazi. Maana yake ni sehemu 35 katika kila sehemu 100. Mwaka 2025 luteni-usu alianza na dola 4,000 hivi kwa mwezi. Chukua kalamu: 4,000 mara 35, gawanya kwa 100. Umepata 1,400. Lakini fedha hizo hazimfikii zote mkononi. Sare, vitabu na kompyuta hukatwa humo humo.

Sasa tupime thamani yake. Viko vyuo vikuu vya watu binafsi Marekani vinavyotoza karo ya zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni dola 240,000. Mtu mwenye haraka atasema, "Basi kijana huyu amepewa dola 240,000!" Ngoja kwanza. Je, angekwenda chuo hicho cha bei kubwa? Chuo cha jimbo lake kingeweza kumtoza dola 11,000 hivi kwa mwaka. Kwa miaka minne ni dola 44,000. Tena kijana hodari wa hesabu mara nyingi hupata msaada wa karo. Ukipewa jembe bure, usihesabu kwamba umeokoa bei ya trekta.

Haya, malipo yake ni nini? Ni miaka ya maisha yake. Baada ya kuhitimu hulitumikia jeshi kwa miaka mitano, kisha hukaa miaka mitatu katika jeshi la akiba. Jumla ni miaka minane. Na ile miaka minne ya chuoni haihesabiwi katika miaka 20 anayotakiwa kutumikia ili apate pensheni ya jeshi.

Hapa ndipo hesabu zenyewe zinapoingia, na watu wengi hukosea. Jeshini mshahara hufuata cheo na miaka ya kazi. Haufuati somo ulilosoma. Vijana wawili wakihitimu siku moja, mmoja hesabu na mwingine historia, hulipwa sawa sawa. Shahada ya hesabu haiongezi hata senti moja katika mshahara huo. Luteni-usu wetu wa mwaka 2025 alipata dola 48,000 hivi kwa mwaka, pamoja na posho ya nyumba na ya chakula.

Faida ya hesabu huonekana baadaye, akitoka jeshini. Benki, kampuni za bima na kazi za kompyuta hutafuta watu wa namna hiyo. Mwaka 2024 mtaalamu wa hesabu au takwimu wa kipato cha kati nchini Marekani alipata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Lakini wengi wao wana shahada ya pili pia. Tena mwenzake wa uraiani amekwisha kutangulia kazini miaka mitano. Ofisa anayebaki jeshini naye anaweza kusomeshwa shahada ya pili, kisha akarudi West Point kufundisha hesabu. Kwa masomo hayo hudaiwa miaka mingine ya utumishi.

Ulysses S. Grant alihitimu pale mwaka 1843. Hesabu zilikuwa nyepesi kwake, na alitumaini kurudi kuzifundisha. Hakupata. Mwaka 1854 aliacha jeshi, akawa maskini hata akauza kuni mjini St. Louis. Vita vya wenyewe kwa wenyewe ndivyo vilivyompandisha, na mwaka 1869 akawa Rais. Mtu asiyapime maisha yake kwa bahati ya namna hiyo.

Liko jambo jingine lisiloandikwa kwa dola. Ofisa hupelekwa vitani akitakiwa. Wahitimu wa chuo hiki walikufa Iraki na Afghanistani.

Kwa hiyo kijana hupewa muda wa kufikiri. Katika miaka miwili ya kwanza anaweza kuondoka bila kudaiwa. Kabla ya somo la kwanza la mwaka wa tatu hula kiapo. Akiacha baada ya hapo, anaweza kudaiwa utumishi jeshini kama askari wa kawaida, au kudaiwa fedha zilizomsomesha.