Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii twaitamka kila siku mgeni apigapo hodi. Wajir, katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ilisadifu neno kwa neno.

Mgeni mwenyewe alikuwa Bi. Annalena Tonelli, Mtaliani aliyezaliwa Forlì mwaka 1943. Alisomea sheria, lakini mwaka 1969 alikuja Kenya kufundisha, akafika Wajir. Kila jambo lilimpinga: kijana, mweupe, Mkristo, tena hana mume, katika nchi ya Waislamu ambako mwanamke asiyeolewa hakupewa uzito.

Kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza watu. Dawa zilikuwapo, ila tiba ilichukua mwaka na zaidi. Na mfugaji atalalaje hospitali mwaka mzima hali ngamia wake wafuata mvua? Huondoka hajapona, maradhi yakamrudia kwa nguvu mpya. Mwaka 1976 Bi. Annalena akaanzisha manyata ya wagonjwa. Kila mmoja alijenga kibanda chake pale pale, akakaa na jamaa zake, akameza dawa kila siku mbele ya mhudumu kwa miezi sita. Wakapona. Leo kumeza dawa chini ya uangalizi ni jambo lijulikanalo duniani kote.

Ikaja Februari 1984. Askari waliwakusanya wanaume wa kabila la Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawazuia siku kadhaa juani, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja maiti 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema huenda walikaribia 1,000. Bi. Annalena hakujifungia mlango. Alikwenda kuwaokoa majeruhi, akasaidia habari zitoke nje. Baadaye ikambidi aihame Kenya.

Alihamia Somalia, akaendelea na kazi ile ile hata Borama. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa kuwahudumia wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi, akafa, katika hospitali yake huko Borama.

Mwenyewe alisimulia kwamba mzee mmoja, kiongozi wa Waislamu waliompenda, alimwambia kuwa wao wana imani, naye ana mapenzi. Sisi tuliofunzwa haki ya jirani tangu chuoni, tusilipokee neno la mzee yule kama sifa ya mgeni peke yake. Ni deni letu pia.